Sufuri za Babu

 Najua nimepotea. Wiki tatu sijaandika neno hapa, na kuna watu wawili watatu wameshaniuliza kwenye foleni ya chakula kama nimefunga duka. Hapana jamani, duka lipo. Nilikwenda nyumbani Lushoto kwa likizo fupi, niliporudi nikapokewa na majaribio mawili na semina moja, ndiyo kimya kikazidi. Leo Jumapili nimefua, nimekula wali maharage, nimekaa kitako. Nina jambo limenikaa kifuani tangu nirudi. Mnajua mimi ni mtu wa historia, kwa hiyo litakuwa refu kidogo, mnivumilie.

Ni hivi. Babu yangu mzaa baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Pale shuleni kulikuwa na chombo cha kupimia mvua, lile kopo la shaba linalochimbiwa chini uwanjani, ndani yake mna chupa. Kazi ya kulisoma ilikuwa ya babu. Kila siku saa tatu asubuhi anatoa chupa, anamimina maji kwenye bilauri yenye mistari, anasoma, anaandika kwenye daftari. Alianza Januari 1966. Aliacha 2009, macho yalipokataa. Alifariki mimi nikiwa darasa la tatu, na ninachokumbuka zaidi ni kwamba ukimsogelea yule babu akiwa na ile bilauri mkononi unafukuzwa kama kuku.

Sasa likizo hii nimefika nyumbani, nikaingia jikoni. "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu, karibu, kaa hapo uote moto." Moto wenyewe ndiyo kwanza unawashwa. Kuni mbichi, shangazi anachana karatasi, anazisukuma chini ya mafiga. Nikaangalia zile karatasi: mistari ya samawati, tarehe, namba kwa wino mweusi, mwandiko ulionyooka kama wa ubaoni. Nikaruka! Shangazi akashangaa, akasema, "Kwani hayo makaratasi yana nini? Yana namba tupu." Alikuwa hana kosa, hakuna mtu aliyewahi kumwambia kama yana kitu. Madaftari yalikuwa kumi na moja. Niliyoyaokoa ni tisa. Yaliyokwenda na moto ni ya kuanzia 1974 mpaka 1978.

Nimerudi nayo chuoni kwenye begi la nguo. Mwenzangu wa chumbani, anayesoma sayansi, akayafungua, akayapekua, akanirudishia. "Kaka, pole, lakini hii siyo sayansi. Babu yako alikuwa mwalimu wa darasa la nne. Nani alimkagua? Unajuaje hakuandika tu akiwa kitandani?" Sikumjibu siku ile. Kiukweli sikuwa na jibu. Nikaenda maktaba kulitafuta, na hiki mnachosoma ndicho nilichorudi nacho.

Kitu cha kwanza nilichojifunza ni kwamba watu wa aina ya babu ni wa zamani sana, wa zamani kuliko hata neno "mwanasayansi" lenyewe. Twende Japani, mji wa Kyoto. Kule kuna miti ya sakura, inachanua mara moja kwa mwaka, na watu wanakwenda kuiangalia na kufanya sherehe. Wafalme, makabaila na watawa wa Kyoto walikuwa wakiandika kwenye shajara zao: leo tumekwenda kuangalia maua, yamechanua kweli kweli. Hawakuwa na habari ya tabianchi, walikuwa wanaandika kuhusu karamu yao. Karne nyingi baadaye mtafiti mmoja wa Osaka, Yasuyuki Aono, akakaa kuzisoma shajara hizo moja baada ya nyingine na kutoa tarehe. Akapata mfululizo unaoanzia mwaka 812. Na kwa sababu mfululizo huo upo, mwaka 2021 maua yalipofikia kilele tarehe 26 Machi, watu waliweza kusema kwamba hiyo ni mapema kuliko mwaka wowote unaojulikana katika miaka zaidi ya 1,200. Ebu fikiria, mtawa anaandika kuhusu picnic yake, na sisi tunapata kipimajoto cha miaka elfu!

Hao waliandika bila kukusudia. Wa kukusudia ni kama Robert Marsham, mwenye shamba huko Norfolk, Uingereza. Mwaka 1736 alianza kuandika dalili za majira ya kuchipua: lini mwaloni umetoa jani, lini mbayuwayu wa kwanza ameonekana, lini vyura wameanza kulia. Dalili 27 kwa jumla. Mwaka 1789 orodha yake ikasomwa mbele ya Royal Society ya London. Alipofariki, watoto na wajukuu wakaendelea, ingawa kulikuwa na miaka waliyoruka, mpaka 1958. Wataalamu wa miaka ya 1990 walipoichambua kazi ya familia ile, waliona wazi kwamba miezi ya mwanzo wa mwaka ikiwa na joto, majani yanawahi kutoka. Yule mbayuwayu nampenda zaidi, maana huyo ni wetu pia. Kipindi chao cha baridi wanakuwa huku Afrika, wamejipanga kwenye nyaya za umeme. Marsham alikuwa akingoja kule mgeni ambaye huku kwetu alikuwa ameshaaga.

Lakini mpaka hapo ni mtu mmoja mmoja, au ukoo mmoja. Lini watu wengi wasiojuana waliamua kuhesabu kwa pamoja? Hapa ndipo hadithi inaponoga.

New York, 1886. Kijana mmoja mpenda ndege, Frank Chapman, anatembea mtaani anahesabu... kofia! Wakati ule akina mama wa mjini walivaa kofia zilizopambwa manyoya, mabawa, hata ndege mzima aliyekaushwa. Chapman akahesabu kofia 700, na kati yake 542 zilikuwa na ndege au sehemu za ndege. Akatambua aina 40 za ndege bila kutoka nje ya mji. Mtu mwingine angeona fasheni tu pale, yeye aliona mauaji.

Kulikuwa na jambo jingine pia. Siku ya Krismasi wanaume wa kule walikuwa na desturi ya kugawana timu na kwenda porini na bunduki, na timu inayorudi na lundo kubwa la wanyama na ndege ndiyo mshindi. Chapman, ambaye kufikia hapo alikuwa mtaalamu wa ndege wa jumba la makumbusho la New York na mhariri wa jarida la Bird-Lore, akatoa pendekezo: mashindano yabaki, bunduki ibaki nyumbani. Tukahesabu ndege badala ya kuwaua. Tarehe 25 Desemba 1900 wakajitokeza watu 27, sehemu 25, kuanzia Toronto huko Kanada mpaka California. Watu 27 tu! Semina yetu ya Jumatano ina watu wengi kuliko hao.

Hesabu hiyo haijawahi kuachwa. Imevuka vita kuu mbili. Leo inafanyika kwenye maeneo zaidi ya 2,000, na kila eneo ni duara la kipenyo cha kilomita 24. Mwaka 2019 wanasayansi walipotangaza kwamba Marekani na Kanada zimepoteza karibu ndege bilioni 3 tangu 1970, sehemu kubwa ya ushahidi wao ilitoka kwenye hesabu za namna hii, za watu waliovaa makoti yao wakatoka asubuhi bila kulipwa, pamoja na picha za rada. Nani angewalipa watu kuhesabu ndege wa bara zima miaka zaidi ya mia? Hakuna serikali yenye fungu hilo.

Na kwenye mvua yupo pacha wa babu yangu. Anaitwa Richard Hendrickson, mkulima wa Bridgehampton, jimbo la New York. Alianza kusoma vipimo vya hali ya hewa shambani kwake mwaka 1930, akiwa kijana, kwa kujitolea. Mwaka 2014 idara ya hali ya hewa ya Marekani ilimtunza kwa kutimiza miaka 84 ya kazi hiyo. Vipimo zaidi ya 150,000. Akafariki Januari 2016 akiwa na miaka 103. Niliposoma habari zake nilicheka peke yangu maktaba, maana nilimwona babu kabisa, na ile bilauri yake, anafukuza watoto.

Haya, turudi kwenye swali la mwenzangu. Unajuaje kwamba hawa watu hawatudanganyi, au hawakosei? Swali ni zuri na halikwepeki. Mtu anaweza kumwona kozi akasema tai. Watu wanapenda kwenda kuangalia palipo na barabara, na palipo na ndege wengi. Na mwaka huu wakitoka watu mia, mwakani mia mbili, ndege wataonekana wameongezeka kumbe walioongezeka ni watazamaji.

Dawa zimepatikana polepole. Kwenye ile hesabu ya Krismasi huandikwa pia saa ambazo kila kundi limetumia kutafuta, ili idadi ya ndege igawanywe kwa jasho lililotumika. Mradi wa eBird, ulioanza mwaka 2002, unamwuliza kila mtu: je, umeandika ndege wote uliowatambua, au umechagua tu wale waliokupendeza? Mwanzoni niliona ni swali la kijinga. Kumbe ndilo roho ya kazi yote! Kama umeandika wote, basi ndege asiye kwenye orodha yako ni ushahidi kwamba alitafutwa akakosekana. Kama umechagua, kukosekana kwake hakutuambii kitu.

Hapo nikafungua tena daftari la babu. Mvua ya vuli ya 2005, ule mwaka wa ukame mnaoukumbuka au mliosimuliwa. Ukurasa mzima: 0, 0, 0, 0, 0. Kila siku kaandika sufuri yake, kwa wino uleule, kwa mkono uleule. Zamani ningepita ukurasa huo haraka, maana "hamna kitu". Sasa nimeelewa. Sufuri maana yake mzee wa miaka sabini na kitu ametoka nje, ameinama, ametoa chupa, ameiona kavu, amerudi ndani kuandika. Nafasi tupu ingekuwa na maana nyingine kabisa: hakuna aliyeangalia.

Na nafasi tupu zipo. Aprili 1994 kuna siku kumi na moja hazina kitu. Nikampigia simu shangazi, nikamwuliza babu alikuwa wapi wakati ule. Akanyamaza. Halafu akasema, "Hizo ndizo siku tulizomzika mama." Siku ya kumi na mbili babu kaandika: mm 64, na pembeni, kwa herufi ndogo, "jumla ya siku ambazo sikusoma". Mnaona? Ilikuwa masika, angeweza kugawa ile 64 akaitandaza kwenye siku zake kumi na moja, kidogo hapa kidogo pale, na hakuna binadamu ambaye angejua. Hakufanya hivyo. Nilimpelekea mwenzangu ukurasa huo. Akausoma, akakaa nao muda mrefu. Akasema, "Sawa. Huyu namwamini."

Kosa karibu nilifanye mimi, mjukuu msomi wa chuo kikuu! Nilikuwa nimeanza kuingiza namba kwenye kompyuta, nikaona miaka ya sitini kulikuwa na mvua kama mate ya ndege: 0.45, 1.20, 2.10. Halafu kuanzia 1970 mvua inakuwa 30, 48, 55. Nikashika kichwa, nikasema nimegundua mabadiliko makubwa ya tabianchi Lushoto! Mpaka nilipokutana na mstari mmoja juu ya ukurasa: "Kuanzia leo tunaandika kwa milimita." Ah! Kumbe zile za mwanzo ni inchi. Inchi 2.10 ni milimita 53 na ushee. Tena mwaka 1983 kaandika "Leo chombo kimehamia nyumbani", kwa sababu shule ilikuwa inajenga darasa pale uwanjani. Bila mistari hiyo miwili, namba zote zingetudanganya huku zenyewe ni za kweli. Wale wa historia mnaonielewa, hiki ndicho tunachofundishwa kila siku kuhusu chanzo: nani kaandika, kwa kipimo gani, amesimama wapi.

Sasa niseme kidogo kuhusu jina. Waingereza na Wamarekani walianza kuiita kazi hii sayansi ya raia katikati ya miaka ya 1990, watu wawili kila mmoja kwa njia yake. Alan Irwin wa Uingereza alikuwa na maana ya sayansi inayojibu shida za raia na kuheshimu wanachokijua. Rick Bonney wa Cornell, Marekani, alikuwa na maana ya raia kusaidia kukusanya taarifa za wanasayansi. Jina moja, lakini ukiangalia vizuri ni vitu viwili. Kwenye ya kwanza wewe unauliza swali. Kwenye ya pili unambebea mtu maji kwenda kwake. Mimi kwa Kiswahili napenda kusema sayansi ya wananchi, maana mwananchi ni mwana wa nchi, na mwana ana haki ya kujua mama yake anaumwa nini.

Kwetu huku historia hii ina kidonda chake. Sio mbali na kwetu, upande wa pili wa Usambara, kuna Amani. Mwaka 1928 alifika pale kwenye kituo cha utafiti wa kilimo Mwingereza mmoja, Reginald Moreau, akakaa mpaka miaka ya 1940 na kuwa mtaalamu mkubwa wa ndege wa Afrika. Nyuma yake alikuwepo Salimu Asmani, mkusanyaji wake mkuu, mtu aliyeujua msitu ule, na vijana wengine wa pale waliokaa chini ya viota saa baada ya saa kuandika ndege anaingia mara ngapi kulisha. Walilipwa, ndiyo, hawakuwa wa kujitolea. Lakini jina la Moreau liko kwenye ndege. Jina la Salimu ni wangapi kati yetu tuliwahi kulisikia? Mimi sikuwahi, na nimekulia milima hiyohiyo.

Nairobi nako, chama cha historia ya viumbe cha Afrika Mashariki kilianzishwa 1909, na wakati ule kilikuwa chama cha wazungu. Lakini vitu hubadilika. Mwaka 1971 Fleur Ng'weno alianzisha matembezi ya kuangalia ndege kila Jumatano asubuhi, kuanzia jumba la makumbusho, na kupitia matembezi hayo vijana wengi Wakenya wamejifunza ndege na wengine wamekuwa wataalamu. Mwaka 1989 kikatoka kitabu cha ramani za ndege wa Kenya, na sasa Wakenya wanachora ramani upya, nchi imekatwa vipande vya kama kilomita 9 kwa 9 na kila mtu anaweza kwenda kwenye kipande akaandika alichokiona. Hapa Tanzania pia kazi ya ramani ya ndege imekuwa ikikusanya taarifa za watu tangu miaka ya 1980.

Na ipo Serengeti. Kuanzia 2010 watafiti waliweka kamera 225 porini, kwenye eneo la kilomita za mraba 1,125, zinajipiga zenyewe mnyama akipita. Picha zikawa nyingi mno, wakaziweka kwenye intaneti mwaka 2012 na kuomba watu wasaidie kuwatambua wanyama. Walijitokeza zaidi ya 28,000. Kila picha iliangaliwa na watu kadhaa, majibu yao yakajumlishwa kama kura, na yalipolinganishwa na ya wataalamu yalikubaliana kwa karibu asilimia 97. Mwenzangu, hiyo nakuwekea wewe! Najivunia sana kazi ile. Ila huwa najiuliza: mtu wa mbali anamtambua nyumbu wetu akiwa sebuleni kwake, na mtoto wa Serengeti ambaye nyumbu anapita nyuma ya nyumba yao, yeye ameulizwa nini?

Basi ndugu zangu, madaftari ya babu yako juu ya kitanda changu, kwenye boksi la sabuni. Nimeshapiga picha kurasa zote, na kila jioni naingiza mwezi mmoja, inchi kwanza nazigeuza. Nikimaliza nakala nitaipeleka kwa watu wa hali ya hewa, nyingine itabaki shuleni alikofundisha. Sitaki kuwadanganya kwamba madaftari tisa ya mzee mmoja yatathibitisha habari ya dunia nzima. Ni kijiji kimoja. Lakini ni kijiji chetu.

Kinachoniuma ni ile miaka mitano iliyoungua. Ilikuwa miaka ya Operesheni Vijiji, watu wanahamishwa, na babu kumbe alikuwa anaendelea kuinama kila saa tatu asubuhi. Leo tunaweza kupeleka setilaiti angani, tukanunua kompyuta za kila namna, lakini hakuna anayeweza kurudi kupima mvua ya Lushoto ya mwaka 1975. Iliandikwa mara moja, na mtu mmoja, na tukaiwashia moto wa maharage.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni dogo. Mkienda likizo, ulizeni. Mzee aliyekuwa anaandika siku ya kwanza ya masika. Mama mwenye kalenda ukutani yenye alama za siku za kupanda. Mvuvi anayejua ni mwaka gani samaki fulani aliacha kuonekana. Ulizeni kabla kuni hazijawa mbichi.

Shangazi naye kanipigia jana. Anasema amelikuta lile kopo la shaba nyuma ya banda la mbuzi, limepinda kidogo, bilauri imevunjika. Anauliza alitupe au aniwekee. Nimemwambia aniwekee. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hivi mwanangu, inasomwa saa ngapi?"

Kwa leo naishia hapa, kesho nina lekcha ya saa moja asubuhi. Wenye babu kama wangu, karibuni tusimuliane.